Imani hukua kwa dozi ndogo ya kila siku

Kuna majira ambayo Biblia nyingi hufunguliwa kwa pamoja. Ni wiki ya kwanza ya Januari, wiki ya kwanza ya Kwaresima, na zile siku chache baada ya semina kubwa ya Neno la Mungu. Mtu anarudi nyumbani moyo ukiwaka. Ananunua daftari jipya, anaweka alamu ya saa kumi alfajiri, kisha anawatangazia watu wa nyumbani kwamba kuanzia kesho hii ni nyumba ya sala.

Siku tatu za kwanza anaamka. Siku ya nne mtoto ana homa, hakuna aliyelala. Siku ya tano foleni imemrudisha nyumbani saa nne usiku. Kufika wiki ya tatu, daftari lina kurasa nne tu zilizoandikwa na Biblia imerudi juu ya kabati kusubiri Jumapili. Wengi wakifika hapo hujihukumu: "Mimi si mtu wa rohoni. Hayo ni mambo ya wachungaji, mapadri na masista."

Msomaji, leo nataka tuzungumze na mtu huyo. Safu hii huandika zaidi habari za presha, chanjo na lishe ya watoto, na huenda ukashangaa mwandishi wa afya anatafuta nini kwenye ibada. Sababu ni hii: nikizunguka zahanati na hospitali kutafuta habari, nakutana na jambo linalofanana sana na hilo la daftari lenye kurasa nne. Mgonjwa anayefanikiwa na tiba ya muda mrefu si yule aliyemeza vidonge vingi siku moja kwa bidii. Ni yule aliyemeza kimoja, kila siku, kwa muda wote aliopangiwa, hata siku ambazo hakujisikia kumeza.

Imani nayo hukua hivyo. Mkesha, semina na mkutano wa injili vina kazi yake, kama ambavyo sindano ya dharura ina kazi yake. Lakini mtu hajengwi mwili kwa sindano za dharura. Hujengwa kwa ugali, mboga na maharage ya kila siku, mlo ambao hata hakumbuki aliula Jumanne iliyopita.

Hili si geni katika Biblia yenyewe. Wana wa Israeli walipolishwa mana jangwani, waliambiwa waokote ya siku ile tu. Waliojaribu kuweka akiba ya kesho waliikuta imeingia wadudu, isipokuwa ile ya kuandalia Sabato. Yesu naye alipowafundisha wanafunzi wake kusali, aliwafundisha kuomba mkate wa siku hiyo. Hakuna mahali wanapoambiwa waombe shehena ya mwaka mzima halafu wapumzike.

Siku 66

Mwaka 2010, watafiti wa University College London, nchini Uingereza, wakiongozwa na Phillippa Lally, walichapisha matokeo ya kazi ambayo napenda kuitumia ninapoeleza mambo ya mazoea. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kula, kunywa au kufanya kila siku, na akalifunga kwenye tukio ambalo tayari lilikuwepo katika siku yake. Mfano ni kunywa maji baada ya kifungua kinywa, au kufanya mazoezi kidogo kabla ya chakula cha jioni.

Swali lilikuwa: inachukua muda gani hadi jambo hilo lifanyike lenyewe, bila mtu kujisukuma? Wastani ulikuwa siku 66. Lakini watu walitofautiana sana. Kuna aliyehitaji siku 18 tu, na kuna waliokadiriwa kuhitaji hadi siku 254. Vilevile watafiti waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote. Aliyeteleza kisha akarudi kesho yake aliendelea kujenga mazoea kama wenzake.

Kwa hiyo yule aliyeacha wiki ya tatu hakushindwa kwa sababu roho yake ni dhaifu kuliko za wengine. Aliacha mapema mno. Alikuwa bado kwenye kipanda, na akadhani barabara yote iko hivyo hadi mwisho.

Niseme pia mpaka wa mfano huu. Utafiti ule ulihusu maji, matunda na mazoezi ya mwili, si sala. Mazoea peke yake si imani. Mtu anaweza kusali kila alfajiri miaka thelathini kama anayepiga mswaki, na moyo wake ukabaki vilevile. Mazoea ni chungu, si chakula. Ila chakula bila chungu utakipikia wapi? Ndiyo maana tunaanza na chungu, kisha tutazame kinachopikwa ndani yake.

Waliotutangulia walifanyaje?

Ukifuatilia historia ya Wakristo utaona kwamba waliodumu hawakutegemea hamu ya kusali ije yenyewe. Waliipangia saa.

Danieli, akiwa mateka Babeli na akijua sheria mpya inaweza kumtupa kwenye tundu la simba, aliingia chumbani kwake na kupiga magoti mara tatu kwa siku. Mwandishi anaongeza neno dogo lenye uzito: alifanya kama alivyokuwa akifanya siku zote. Ujasiri wa siku ya simba ulikuwa umeandaliwa na siku nyingi za kawaida ambazo hakuna aliyeziandika.

Mwaka 1529 Martin Luther alitoa Katekisimu Ndogo, na Walutheri wetu bado huijua. Aliikusudia itumike majumbani, mkuu wa nyumba awafundishe watu wake. Ndani yake kuna sala fupi ya asubuhi, ya jioni na za mezani. Kinachonifurahisha mimi wa afya ni maelekezo yanayofuata sala hizo. Ukimaliza ya asubuhi, nenda kazini kwako kwa furaha. Ukimaliza ya jioni, lala mara moja bila wasiwasi. Luther hakumwambia baba wa familia akeshe hadi macho yawe mekundu. Alimwambia asali, kisha akalale.

Miaka mia mbili baadaye, katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, Nikolaus von Zinzendorf aliwapa waumini wenzake aya moja ya kwenda nayo kesho yake. Hiyo ilikuwa tarehe 3 Mei 1728. Ndugu waliipeleka aya ya siku nyumba kwa nyumba. Mwaka 1731 aya za mwaka mzima zilichapwa kuwa kijitabu, na kijitabu hicho hutolewa kila mwaka hadi leo. Ndilo kanisa la Moravian hilo. Wamisionari wake walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania, mwaka 1891, na leo waumini wake wamejaa Mbeya, Tabora na kwingineko. Aya moja kwa siku, si zaidi, imekwenda umbali huo.

Wakatoliki nao wana kengele ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni, wana rozari, na wana masomo ya kila siku yaliyopangwa na kanisa. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kuweka nguvu katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani kanisa lishuke hadi mtaani, majirani wasome Neno pamoja sebuleni kwa mmoja wao. Anayeishi Dar es Salaam, Mwanza au Moshi anazijua jumuiya hizi. Ndizo za kwanza kufika msiba ukitokea.

Na kwa mama anayesoma hapa huku mtoto mmoja akimvuta kanga na mwingine akilia, nimletee Susanna Wesley wa Uingereza. Alizaa watoto 19, karibu nusu yao wakafariki wakiwa wachanga. Husimuliwa kwamba nyumba ilipojaa makelele alijifunika aproni kichwani, na watoto wakajua mama anasali, asisumbuliwe. Zaidi ya hapo, alijipangia jioni ya kukaa na kila mtoto peke yake, mara moja kwa wiki, wazungumze habari za roho yake. Alhamisi ilikuwa ya John. John huyo ndiye aliyekuja kuanzisha Methodisti. Mama yule hakuwa na chumba cha sala. Alikuwa na aproni na ratiba.

Tafuta msumari wa kutundikia

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kuchagua saa nzuri badala ya saa inayowezekana. Ni kweli Injili ya Marko inaeleza kwamba Yesu aliamka alfajiri mapema akaenda mahali pa faragha kusali. Lakini muuguzi anayetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, mama wa genge anayewahi mboga sokoni gizani, na dereva wa bodaboda anayelala saa saba usiku, alfajiri yao si sawa na ya mwalimu anayelala saa tatu.

Mwili wa mtu mzima unahitaji usingizi wa angalau saa saba. Ukiuibia mwili usingizi ili usali, wiki ya pili mwili utadai deni lake, na utalilipa kwa kusinzia juu ya Zaburi au kwa kuwafokea watoto. Kama unataka alfajiri, anza kwa kuzima televisheni na simu mapema jana yake. Ibada ya asubuhi huanza usiku.

Badala ya kutafuta saa mpya, tafuta jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukosa, kisha tundika ibada hapo kama unavyotundika nguo kwenye msumari. Baada ya chai. Baada ya kufungua duka, kabla mteja wa kwanza hajaingia. Ndani ya daladala au mwendokasi, ukipata kiti. Kwenye gari shuleni ukimsubiri mtoto. Kwa familia, dakika chache kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, watu wakiwa tayari sebuleni.

Kuhusu simu: Biblia ya kwenye simu ni Biblia. Tatizo ni kwamba inakaa nyumba moja na magrupu ya familia, matokeo ya mpira na picha za harusi ya jirani. Ukiitumia, zima data kwanza. Ukiweza, tumia ya karatasi, na iache mezani ilipo macho yako. Biblia iliyo juu ya kabati haisomwi.

Dakika 15 zinatosha

Kwa anayeanza, robo saa inatosha, na anayebanwa sana aanze na dakika tano. Ukiwa na hamu ya zaidi, ongeza baadaye. Nimeona mpangilio huu ukiwafaa watu wa kazi mbalimbali.

Dakika mbili, tulia. Kaa, vuta pumzi, acha mambo ya siku yashuke kidogo. Usianze na orodha ya maombi. Mshukuru Mungu kwa jambo moja unaloweza kulitaja kwa jina.

Dakika tano, soma kipande kifupi. Usirukeruke kama anayetafuta namba ya bahati. Chagua kitabu kimoja ukimalize. Injili ya Marko ina sura 16, na ukisoma nusu sura kwa siku utaimaliza kwa mwezi mmoja na siku moja au mbili. Zaburi ziko 150, moja kwa siku ni miezi mitano. Kama kanisa lako lina kalenda ya masomo ya kila siku, ifuate. Ina faida kwamba siku hiyo unasoma pamoja na wengi usiowajua.

Dakika tano, tafakari. Jiulize maswali matatu. Kipande hiki kinaniambia nini juu ya Mungu? Kinaonyesha nini ndani yangu? Leo nifanye nini? Swali la tatu ndilo watu hulikimbia. Jibu lake liwe jambo moja dogo lenye jina na saa. "Niwe mwema" si jibu. "Nimpigie kaka simu kabla ya saa sita, tuongee lile la kiwanja" ni jibu.

Dakika tatu, omba. Sema yaliyomo moyoni kama yalivyo. Zaburi zimejaa watu wanaolalamika, wanaolia na wanaomuuliza Mungu yuko wapi. Sala isiyo ya kweli huchosha haraka kuliko sala fupi.

Nyumba yenyewe itakupima

Sasa tuje kwenye kinachopikwa ndani ya chungu. Hapa kuna historia inayotuhusu watu wa ukanda huu.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikuwepo daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church. Njaa kali ilikuwa imepita, kazi ilikuwa nyingi, naye alikuwa amechoka mwili na roho. Septemba 1929 alikwenda Kampala, na huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Waliketi pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Hapakuwa na jukwaa wala vipaza sauti. Walikuwa watu wawili na kitabu.

Kutoka uhusiano huo na wa wenzao, akiwemo mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliyefundisha Gahini, ulikua ule uamsho wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930 ulienea Rwanda, Uganda na Burundi, ukavuka hadi Kagera na Kenya. Wazee wetu wengi wa kanisa walilelewa ndani yake. Na walichokikumbuka watu juu ya waliookoka wale si urefu wa sala zao. Ni kwamba walirudisha vitu walivyoiba, walitubu waziwazi, walilipa madeni na kupatana na maadui zao. Waliita kutembea nuruni.

Kwa hiyo, kama unataka kujua imani yako inakua, usihesabu dakika wala sura. Tazama kinachotokea nyumbani baada ya kusema amina.

Mtazame dada wa kazi. Familia ikisali sebuleni, yeye yuko wapi? Kama yuko jikoni anaosha vyombo kila siku wakati wa ibada, kuna jambo ibada hiyo haijafundisha. Mshahara wake unalipwa tarehe iliyokubaliwa, au unasubiri hadi wengine wote wamelipwa?

Mtazame mwenzi wako. Je, amani imeongezeka ndani ya chumba, au ibada imekuwa fimbo? Wapo wanaosali kwa sauti ili mtu wa chumba cha pili asikie: "Bwana, mguse mume huyu anayerudi usiku wa manane." Mama, hiyo si sala, hiyo ni barua kwa baba Neema. Na baba naye asitumie aya za utii kumnyamazisha mke. Mliyonayo ya kuambiana, ambianeni. Kisha msali.

Watazame watoto. Ibada ya familia isizidi dakika kumi kama wapo wadogo. Wape kazi: mmoja asome, mwingine achague wimbo, wa tatu aombee wagonjwa. Wakiuliza swali gumu, kama kwa nini bibi alikufa ilhali tulimwombea, usiwazime. Mtoto aliyeruhusiwa kuuliza mezani kwa mama yake atakuwa na mahali pa kurudi akifika chuo na kukutana na maswali makubwa zaidi. Na usiwahi kufanya kusoma Biblia kuwa adhabu ya kosa.

Sala na vidonge havigombani

Hapa naomba unisikilize kama mwandishi wa afya. Kuna watu ambao, imani yao ikianza kuwaka, huacha dawa. Huyu wa presha anasema ameponywa kwa sababu kichwa hakimuumi tena. Huyu wa kisukari anafunga siku tatu kavu bila kumwambia mtu. Huyu anayetumia dawa za kufubaza VVU anaziacha baada ya maombezi, na mwingine anakatisha dozi ya kifua kikuu kwa kuwa kikohozi kimekwisha.

Ukweli wa kitabibu ni huu. Presha ya juu mara nyingi haiumi kabisa, na ndiyo maana huua. Anayeacha vidonge anaweza kujisikia vizuri hadi siku kiharusi kinapompiga. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi kadhaa, mara nyingi sita, na anayeikatisha anaweza kupata vijidudu sugu vinavyohitaji dawa nzito zaidi, na akawaambukiza watoto wake. Anayeacha dawa za VVU anawapa virusi nafasi ya kuzaliana upya. Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kushukiwa na sukari akiwa kwenye mfungo: atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa, na anaweza kuzimia.

Biblia haikupi ruhusa ya kudharau tiba. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akasikia, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake lililomsumbua. Luka, rafiki yake wa safari, alikuwa tabibu, na hakuna mahali alipoambiwa aache kazi hiyo.

Kwa hiyo unaweza kuvitundika vyote kwenye msumari mmoja. Weka vidonge vyako karibu na Biblia, ukimaliza kusali, meza. Kama unaamini umeponywa, mshukuru Mungu na uende ukapime. Mabadiliko ya dozi ayaamue daktari kwa kuona majibu. Na kama unataka kufunga na una kisukari, vidonda vya tumbo, ujauzito au unanyonyesha, zungumza kwanza na mhudumu wa afya, kisha mwambie mchungaji au padri wako. Zipo namna nyingine za kufunga: funga simu, funga umbea, funga kisirani. Hizo hazishushi sukari.

Lipo jambo la pili. Kuna kipindi sala hukauka, na ni kawaida. Watakatifu wakubwa walipita humo. Lakini kama ukavu huo umeambatana na kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, kulia bila sababu na kutofurahia chochote karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hilo linaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa, una tiba, na hauji kwa sababu imani yako ni ndogo. Ukianza kuwaza kwamba ni bora ufe, usisubiri wiki mbili wala ibada ya kesho. Mwambie mtu leo, na uende hospitali leo.

Ukikosa siku moja

Utakosa. Kutakuwa na msiba, safari, mgonjwa wodini, umeme umekatika na wewe umechoka. Usilipe deni kwa kusoma sura kumi kesho yake, kama ambavyo humezi vidonge viwili kufidia cha jana bila kuelekezwa. Rudi tu kwenye kipande cha siku hiyo. Mungu hana daftari la mahudhurio kama la shule.

Mpate pia mtu mmoja wa kutembea naye: mke, mume, jirani wa jumuiya, mwenzako wa kwaya. Mwulizane mara moja kwa wiki, "Ulisoma nini, na ulifanya nini?" Kama nyumbani kwako wewe peke yako ndiye unayesali, usilazimishe mtu. Fanya yako kwa upole. Watu wa nyumbani wanaona zaidi ya unavyodhani, na wakimwona mama hafoki kama zamani, watauliza wenyewe.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wiki hii chagua msumari mmoja, Marko sura ya kwanza, na robo saa. Andika tarehe ya kuanza nyuma ya mlango wa kabati, kisha uhesabu siku 66. Ukifika huko, usiniandikie umesoma sura ngapi. Niandikie nani ndani ya nyumba amenufaika.

Tukutane wiki ijayo.